Vipande vya bomu vilivyobaki mwilini mwa askari: nani aitwe tena, lini, na apimwe nini?

Muuguzi_wa_Zamu

Wakuu, habari za kazi. Nauliza wenye uzoefu na majeruhi wa vita.

Kuna kundi la askari waliojeruhiwa na vipande vya maguruneti, makombora na mabomu ya kutegwa ardhini. Majeraha yamefunga na wote wameruhusiwa, lakini kwenye kila cheti yameandikwa maneno yaleyale: "Vipande vimeachwa, arudi akipata shida." Tarehe ya kurudi hakuna, kipimo hakikutajwa, picha haikuambatanishwa. Kuna mwenye vipande viwili vitatu, na kuna ambaye eksirei yake imejaa vidoadoa kama mtama uliomwagwa sakafuni.

Maswali yangu:

1. Kipande kipi kinaweza kukaa maisha yote, na kipi lazima kitoke?
2. Damu na mkojo vipimwe nini, na virudiwe baada ya muda gani?
3. Mwenye vyuma mwilini anaruhusiwa kuingia kwenye MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku kali)?
4. Kipande kikitolewa kinawekwa wapi?

Wagonjwa wenyewe wana swali moja tu: "Kwa nini hamvitoi?" Nataka jibu la kweli la kuwapa, si la kuwanyamazisha.

---

Mpasuaji_Majeruhi

Ndugu, nianze na swali la wagonjwa kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote.

Kipande cha milimita 3 kilicho ndani ya paja kinaonekana wazi kabisa kwenye eksirei, lakini picha ni bapa na paja ni nene. Kukitafuta maana yake ni kukata msuli mzima, kuuchokonoa kwa saa nzima, pengine kujeruhi neva njiani, na mwisho kuacha kovu kubwa kuliko jeraha la kwanza. Kikiachwa, ndani ya wiki kadhaa mwili hukizungushia utando mgumu na wengi hawakisikii tena. Ndiyo maana upasuaji wa vita, ukiwemo ule unaofundishwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, haukimbizani na vipande vidogo vilivyo kwenye nyama. Jeraha husafishwa ili kuondoa nyama iliyokufa, nguo na udongo. Chuma chenyewe si shabaha.

Kwa hiyo waambie: "Tumekiacha kwa sababu kukitoa, mahali kilipo sasa, kungekuumiza zaidi." Sisitiza *mahali kilipo* na *sasa*. Hayo mawili yanaweza kubadilika, na ndiyo sababu ya kumwita tena.

Ukubwa na idadi vinawatisha watu, lakini kinachoamua ni mahali. Vinavyopaswa kutoka ni hivi:

Kilicho ndani ya kiungo (goti, nyonga, bega, kiwiko). Kinasaga gegedu kila mtu anapotembea, na kama kina madini ya risasi, maji ya kiungo huyayeyusha polepole hadi yaingie kwenye damu. Hiki hata kama hakiumi kitoke.

Kilicho ndani ya jicho. Chuma chenye kutu huharibu retina kidogokidogo, na shaba tupu huwasha jicho vibaya sana ndani ya muda mfupi. Huyu ni wa daktari wa macho siku hiyohiyo. Na mwenye jicho moja lililotobolewa aambiwe kwamba jicho la pili, lile *lisilojeruhiwa*, likianza kuuma, kuwa jekundu au kuchukia mwanga, hata baada ya miaka, aje mara moja, kwa sababu kinga ya mwili inaweza kuligeukia na hilo.

Kilicho ndani ya mshipa wa damu au kinachougusa. Kinaweza kusafiri na damu, au kutoboa ukuta wa ateri taratibu.

Kinachobana neva, kinachotoa usaha, na kilicho chini tu ya ngozi mahali panapokandamizwa na mkanda, buti au kiti. Hicho cha mwisho ni kazi ya dakika chache kwa ganzi ya mahali, na sioni kwa nini askari avumilie maumivu ya miaka kwa jambo hilo.

Cha kwenye mfereji wa uti wa mgongo kinahitaji bingwa. Udhaifu wa miguu au ganzi ikiongezeka, au haja ikianza kumponyoka, hiyo ni dharura.

Sasa onyo ambalo naomba ulibandike ukutani. Uvimbe unaotokea karibu na njia ya kipande, wiki au miezi baadaye, mara nyingi hudhaniwa ni jipu. Unaweza kuwa ateri iliyotoboka ambayo damu yake imezuiwa na tishu za pembeni tu. Usiupasue wala usiuchome sindano kabla ya altrasaundi. Weka kiganja usikie kama unadunda, kisha weka stetoskopu usikie kama kuna mvumo. Fanya hivyo kwenye njia yote ya kipande kila mgonjwa anapokuja, hata kama hajalalamika. Ni dakika mbili.

Jeraha linalofunga na kufunguka halafu likatoa majimaji, mara nyingi kilichobaki ndani ni nguo, udongo, mti au mfupa uliokufa. Wapo wanaosema kipande huingia kikiwa safi kwa sababu kimechomwa na moto wa mlipuko. Si kweli, kinaburuta kila kilichokuwa mbele yake. Na kidonda cha zaidi ya miezi 3 chenye kingo zilizoinuka kikatwe kipande kidogo cha nyama ukingoni kipimwe saratani. Kubadilisha dawa ya kupaka hakutasaidia.

Chanjo ya pepopunda pia iangaliwe, kwa maana kwenye msukosuko wa kumhamisha majeruhi huwa inasahaulika. Aliyekosa au asiyekumbuka akamilishe dozi zote.

---

Maabara_Sumu

Naongezea swali la 2, lakini kwanza tukubaliane kuhusu neno. "Risasi" kwetu ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini. Mgonjwa ukimwambia "tunapima risasi kwenye damu" anaelewa kwamba kuna kipande kinazunguka kwenye mishipa yake. Sema "madini ya risasi" na umweleze. Tena, aliyepigwa guruneti mara nyingi ana chuma cha pua, wakati aliyepigwa risasi ya bunduki kwa kawaida ana kiini cha madini ya risasi kilichovikwa shaba. Bomu la kienyeji linaweza kuwa na chochote: misumari, gololi, vipande vya gari, betri. Usibahatishe.

Damu. Chukua kwenye mshipa, si kwenye ncha ya kidole. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji kwanza, kwa sababu vumbi la ngozi peke yake linaweza kupandisha jibu. Tumia chupa maalumu ya kupimia madini, yenye EDTA (dawa inayozuia damu kuganda). Ratiba ninayoipendekeza kwa mwenye madini ya risasi, au ambaye kipande chake hakijulikani ni cha nini: mara moja mwanzoni, kisha miezi 3, 6 na 12, halafu kila mwaka. Miezi ya mwanzo isirukwe, kwa sababu kupanda kwingi huonekana hapo.

Mtu mzima asiyefanya kazi na madini haya kwa kawaida huwa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita. Akiwa juu ya hapo, rudia kipimo na tafuta chanzo kingine pia: mazoezi ya shabaha ndani ya jengo, betri, rangi za zamani, kulehemu. Kati ya 50 na 80, dawa ya kuyatoa madini hufikiriwa akiwa na dalili. Kuanzia 80 hufikiriwa hata asipokuwa nazo, na kuanzia 100 ni jambo la haraka. Dawa ya kumeza ni saksima (succimer), miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila saa 8 kwa siku 5, kisha kila saa 12 kwa siku 14, chini ya daktari anayeijua. Baada ya dozi kiwango hupanda tena kiasi, kwa sababu mifupa inarudisha ilichohifadhi. Kwa hiyo pima tena baada ya wiki 2 hadi 3 na usitangaze ushindi mapema.

Kumpa dawa mtu mwenye kipande kwenye nyonga bila kukitoa ni kufua maji chomboni huku ufa upo palepale. Lakini pia kiwango kikiwa juu sana, dawa itangulie upasuaji, kwa kuwa kuchokonoa kunaweza kumwaga madini mengi kwenye damu kwa mkupuo.

Wa kuangaliwa kwa karibu zaidi ni aliyevunjika mfupa mahali palepale, mwenye vipande vingi vidogo (uso unaoguswa na majimaji ni mkubwa kuliko wa kipande kimoja kizito), mwenye tezi ya shingo iliyozidi kazi, mwenye homa ya muda mrefu, na mjamzito. Askari wa kike apimwe kabla ya kushika mimba na wakati wa mimba, maana mfupa ukitoa kalsiamu hutoa na madini ya risasi, nayo hupita hadi kwa mtoto.

Dalili zinapotea kwa urahisi kwenye magonjwa mengine: msokoto wa tumbo, kukosa choo, kichwa kuuma, uchovu, hasira za ghafla, kusahau, shinikizo la damu, upungufu wa damu. Mgonjwa anaweza kunywa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila mtu kumuuliza kama ana chuma mwilini.

Mkojo. Kwa madini mengine (kobalti, nikeli, kromi, kadimi, tungsteni, urani, manganizi, zinki, shaba, alumini) tumia mkojo wa saa 24. Mfundishe hivi: akiamka asubuhi, mkojo wa kwanza aumwage na aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, mchana na usiku, hadi mkojo wa asubuhi ya pili saa ileile, ambao *unaingia*. Chombo kiwe cha plastiki kilichooshwa kwa asidi na maabara. Asikojolee kwanza kwenye beseni la chuma. Kikae mahali pa baridi. Pima ujazo wote na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo). Kreatinini ikiwa ndogo mno kwa mwili wake, ujue kuna mkojo uliomwagwa, na jibu hilo halifai.

Yanayoharibu jibu: samaki na vyakula vya baharini siku chache kabla (hupandisha aseniki), vidonge vya madini, dawa ya rangi ya MRI yenye gadolini (ahirisha siku 4 au zaidi), sigara kwa kadimi, na nyonga ya bandia ya chuma kwa kobalti na kromi. Yote yaandikwe kwenye fomu, vinginevyo utakilaumu kipande bure.

Na tafadhali: usimpe mtu dawa ya kutoa madini halafu ukusanye mkojo wake "uone sumu inavyotoka". Dawa hiyo hutoa madini hata kwa mtu mzima wa afya, hakuna kiwango cha kulinganishia, na jibu lake linatisha watu bure.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Asante sana, wakuu. Hapo kwenye "risasi" nimeelewa kwa nini baadhi yao walikataa kutolewa damu.

Swali la nyongeza: tuseme maabara inaweza kupima madini ya risasi tu, hayo mengine hakuna mashine. Nianzie wapi?

---

Maabara_Sumu

Anza na mahali, kama alivyosema Mpasuaji. Toa orodha ya wenye vipande kwenye au karibu na viungo, waliovunjika mifupa, na wenye vipande vingi. Hao ndio wa kupimwa madini ya risasi kwanza. Kwa wote fanya kipimo cha kawaida cha figo: kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo, kila mwaka. Figo ndizo zinazosafirisha madini haya kwenda nje, kwa hiyo hata bila mashine kubwa unazilinda. Sampuli za mkojo kwa madini mengine zinaweza kugandishwa kwenye plastiki safi na kusafirishwa kwenda maabara kubwa. Mkojo wa mara moja uliolinganishwa na kreatinini unafaa kuchuja pale ambapo wa saa 24 hauwezekani.

---

Radiografa_Mkuu

Swali la 3. Jibu si "ndiyo" wala "hapana". Ni "wapi, na cha nini".

Madini ya risasi na shaba havivutwi na sumaku. Vinachafua picha tu. Chuma cha pua cha guruneti kinaweza kuvutwa, kugeuka au kupata joto. Kikiwa ndani ya paja na kimeshashikwa na kovu, kwa kawaida hakiendi popote. Kikiwa ndani ya jicho, ndani ya ubongo, kwenye mfereji wa uti wa mgongo au kando ya ateri kubwa, kusogea kwa milimita moja tu kunaweza kumwachia kilema. Kwa hiyo:

Kila aliyejeruhiwa na mlipuko usoni apigwe eksirei ya matundu ya macho, au CT (eksirei ya kompyuta), kabla ya MRI. Usitegemee kauli yake. Kipande kidogo jichoni huweza kuingia bila maumivu makubwa, na mtu akasema kwa moyo safi kwamba hana kitu.

Mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 ipendelewe kuliko ya tesla 3. Mgonjwa apewe kengele mkononi na aambiwe aibonyeze akisikia joto, kuchoma au kuvutwa. Na kama CT au altrasaundi itajibu swali la daktari, MRI ya nini?

Kuhusu picha za mwanzo, nimeona kasoro ileile mara nyingi: picha moja ya mbele tu. Kipande kinachoonekana "ndani ya goti" kwenye picha moja kinaweza kuwa nyuma yake kabisa, kwenye nyama. Piga pande mbili zenye nyuzi 90 kati yake, na picha ijumuishe kiungo cha juu na cha chini ya jeraha. Ukiwa na shaka na kiungo, CT ndiyo inayoamua. Linganisha kila picha mpya na ya zamani. Kipande kilichohama, au madini ya risasi yaliyosambaa kama unga ukingoni mwa kiungo, ni habari ya siku hiyohiyo.

Na eksirei isiyoonyesha kitu haina maana kwamba hakuna kitu. Mti na plastiki havionekani, alumini hufifia. Hapo tumia altrasaundi yenye kichwa bapa cha masafa ya juu. Kitu kigeni hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake.

---

Tabibu_Kambi

Niongeze kuhusu urani na tungsteni, kwa sababu askari wanasoma mambo mtandaoni na watawauliza.

Urani iliyofifishwa (metali nzito inayotumika kwenye makombora ya kutoboa vifaru): askari wa Marekani waliopigwa kimakosa na wenzao katika Vita vya Ghuba vya 1991 wamefuatiliwa tangu 1993 katika hospitali ya maveterani ya Baltimore. Wenye vipande mwilini wameendelea kutoa urani nyingi kwenye mkojo miaka mingi baadaye, lakini madhara makubwa ya figo yaliyohofiwa hayakujitokeza kwa uwazi katika kundi hilo. Maabara hutofautisha urani ya silaha na ile ya asili iliyomo kwenye maji na chakula kwa kuangalia kiasi cha urani-235, aina mojawapo ya urani: ya asili ina takriban asilimia 0.7, iliyofifishwa ina karibu 0.2. Bila kipimo hicho cha uwiano, mkojo wenye urani hausemi imetoka wapi. Mwaka 2008 palepale Baltimore kilianzishwa kituo cha kufuatilia madini mengine yaliyobaki mwilini, na ndiko utaratibu wa mkojo wa saa 24 aliouelezea Maabara unakotumika.

Tungsteni: utafiti uliochapishwa 2005 ulipandikiza kwenye misuli ya panya aloi (mchanganyiko) ya tungsteni, nikeli na kobalti, na panya wote wakaota saratani kali ya msuli. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa. Tafsiri yangu: usimtishe mgonjwa, lakini uvimbe wowote mpya unaokua pembeni ya kipande upigwe picha na ukatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe. "Ni kovu tu" si jibu.

Mengine yasiyo ya chuma ila yanakuja na mlipuko uleule: masikio (kipimo cha usikivu kwa kila mmoja, hata anayesema anasikia), mtikisiko wa ubongo, na jinamizi la vita. Maumivu ya kuchoma au ya shoti ya umeme ni ya neva. Paracetamol haitoshi, amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku au gabapentini husaidia zaidi. Ukigonga kovu kidole kikashtuka mbali, huenda neva ina kivimbe au imebanwa, arudi kwa Mpasuaji. Na umuulize anavyolala. Asiyelala maumivu yake hayashuki hata ubadilishe dawa mara kumi.

---

Mpasuaji_Majeruhi

Swali la 4 limebaki. Kipande kilichotolewa hakitupwi, maana ndicho kitakachokuambia vilivyobaki ni vya nini. Kishikwe kwa koleo lililovikwa mpira ili lisikwaruze. Suuza damu kwa maji safi, kikaushe, kiweke kwenye kichupa cha plastiki kikavu chenye jina, tarehe na sehemu ya mwili. Kisiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia tishu). Utando uliokizunguka ndio unaokwenda kwenye fomalini, chupa yake peke yake, kwa mpima tishu. Akitaka kipande chake kama kumbukumbu, apewe baada ya uchunguzi.

Na kama picha inaonyesha kitu chenye umbo kamili, kama kifyatuzi au kichwa cha kombora, usiguse. Waite wataalamu wa mabomu kwanza, mgonjwa atengwe mbali na wengine.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Nimeandaa kadi ya kila askari, nirekebishieni: mchoro wa mwili mbele na nyuma wenye alama za vipande, aina ya silaha na tarehe, picha za pande mbili, madini ya risasi mwanzo, miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka, figo kila mwaka, kusikiliza mvumo kila ziara, chanjo ya pepopunda. Chini nimeandika kwa herufi kubwa: "ANA VYUMA, ASIINGIE MRI."

---

Radiografa_Mkuu

Hiyo ya mwisho ifute. Siku akipata tatizo la uti wa mgongo atanyimwa kipimo anachokihitaji kwa sababu ya kipande kilicho kwenye shavu la mguu. Andika: "Ana vyuma: tazama mchoro, mpigie radiolojia kabla ya MRI."

---

Mpasuaji_Majeruhi

Na yale maneno "arudi akipata shida" yaondolewe kwenye vyeti vyote. Weka tarehe, halafu orodhesha shida zenyewe kwa lugha yake: uvimbe unaodunda, usaha, homa, kiungo kuvimba, ganzi inayoongezeka, msokoto wa tumbo usioeleweka, jicho lisilojeruhiwa kuuma.